Masika Anatafuna

Kavira, binti yangu,

Hata kama uko kwa Mungu, keti unisikilize. Ulienda mbio kama kawaida yako, bila kungojea mwisho wa mambo.

Masika wako anatafuna. Ndiyo, anatafuna!

Munganga alipokata ule uvimbe wake na kutoa kipande cha taya ya chini, wewe ulilia tu: "Mama, mutoto wangu atakunywa uji mpaka uzee?" Kisha malaria ikakubeba, mimi nikabaki na mutoto na uji.

Munganga akasema tungoje. Mufupa usiporudi, atakata ubavu kujaza lile shimo. Nikamwambia: "Chukua wangu, mimi muzee, ubavu wa nini?" Akacheka. Hapana, sharti wa mutoto mwenyewe. Donc, yaani kubomoa jikoni kwa kujenga sebule! Nilikasirika.

Basi juzi nachambua maharagi, nasikia nyuma ya nyumba: kra! Masika ameiba muhindi wa kuchoma, damu kwa mudomo. Nikajua taya imevunjika. Tukapanda pikipiki, nikamugombeza toka kwetu Kimemi mpaka hospitali. Kijana wa pikipiki anasema, "Mukaka, bibi yangu, polepole, utatuangusha." Nikamugombeza na yeye.

Munganga akapiga radio, ile foto ya mifupa. Akatazama, akatazama tena, akaita wenzake. Nikasema: "Semeni basi, kama ni kufa tufe!" Akanionyesha: pale palikuwa shimo, kuna mufupa mupya, mwembamba, unafuata njia ya ule wa zamani. Hakuna mutu aliyeupanda. Anasema wakati wa kukata aliacha ile ngozi nyembamba inayovaa mufupa, na kwa batoto wengine ngozi hiyo inajua kazi yake. Ubavu, hapana tena. Na ile kra? Jino la utoto, la juu!

Nilicheka mpaka kitambaa kikaanguka kichwani. Kisha nikalia, lakini kidogo.

Jino tulilitupa juu ya manjanja, mabati ya nyumba, vile nilitupa lako. Masika akaita jipya kwa sauti, majirani wote wakatoka. Sasa anaongea toka asubuhi, anajibu wakubwa. Hiyo ni adabu yako, si yangu.

Pumzika, Kavira. Acha kuhangaika naye. Nitamulea, na kumugombeza nitamugombeza. Siku ya Wafu tutakuja kung'oa majani kwa kaburi lako. Nitamununulia muwa, ule mugumu, autafune pale kwa kichwa chako.

Usikilize vizuri.

Mama yako