Dawa ya Pamba

Kiseke, Mwanza
14 Oktoba 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama umpelekee shikamoo yake huko jikoni. Mimi ni mzima, ila vidole vinapasuka kwa barafu. Mguu wako unaendeleaje? Josephat wa kivuko cha Kamanga, ambaye anatubebea hizi barua, ameniambia bado unachechemea.

Kazi kiwandani imezidi. Tunaingia zamu mbili, na malori ya samaki yanapanga foleni hadi barabarani. Sangara akishuka anapimwa, anachunwa, minofu inakatwa na kufungwa kwenye maboksi, jioni yake iko uwanja wa ndege kwenda Ulaya. Mwezi huu nimepewa kusimamia meza moja, wanawake kumi na wanne, wengine wamenizidi umri. Nawaamkia kwanza ndipo nawasahihisha.

Mwanza ya sasa, baba, ukimuuliza mtu yeyote anaishi kwa kutegemea nini, atakutajia samaki. Wenye barafu, wenye malori, mafundi wa nyavu, hata akina mama wanaokaanga mapanki pale nje ya geti, ile mifupa na vichwa tunavyobakiza. Zamani ulikuwa ukiniambia mkoa huu umejengwa na pamba. Nafikiri sasa umehamia majini.

Nimefurahi kusikia duka lako la dawa na mbegu linakwenda. Chama cha msingi kimeshindwa kuwaletea wakulima dawa, na wewe ndiye waliyekuzoea kwenye ghala lake miaka ishirini. Mwambie kaka Malimi asikose barafu kwenye mtumbwi wake. Wiki jana tulirudisha samaki wengi wa upande wenu, walikuwa wamelegea.

Mwanao,
Hellen


Nyabusalu, Sengerema
2 Novemba 1998

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Tunakusalimu sote hapa nyumbani. Mguu unauma asubuhi tu, nikishatembea unanyamaza. Mama yako anasema upake mafuta ya samli vidoleni, usidharau.

Huku pamba nayo haijafa kama unavyodhani. Msimu huu tulikuwa na wanunuzi watatu, kila mmoja na mizani yake na lori lake, wanawaita wakulima kama mnadani. Ghala letu la zamani la chama limebaki na popo. Nikipita mbele yake huwa naangalia pembeni.

Duka linakwenda kuliko nilivyotarajia. Hata sasa, kabla pamba haijapandwa, watu wanakuja kuchukua dawa. Wengine siwajui. Nikiwauliza mashamba yao yako wapi, wananiambia wana bustani za nyanya ufukweni. Haya, nyanya nazo zina wadudu.

Malimi amepata injini ya mtumbwi. Nyavu zake ziliibwa mara mbili mwaka huu, nikadhani ataacha kazi ya ziwa, kumbe amejitahidi. Jumapili alituletea sangara mkubwa. Kama mdogo wangu angekuwa hai kumwona mwanawe leo, angefurahi.

Baba yako,
Mhoja


Kiseke
18 Aprili 1999

Baba,

Shikamoo. Nawaombea muwe salama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka.

Kiwanda kimefungwa. Jumatano tuliingia kama kawaida, tukavaa makoti na mabuti, tukasimama mezani. Hakuna samaki aliyeletwa. Saa nne meneja akatuita uani akasema nchi za Ulaya zimesimamisha kununua samaki wa ziwa letu, na hajui ni kwa muda gani. Wanawake wa meza yangu waliniangalia mimi, kana kwamba nina jibu. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa Hellen, hivi vijiko na visu tuvioshe au tuviache?" Nikamwambia tuvioshe. Tukaviosha ingawa vilikuwa safi.

Sababu ni sumu. Kuna wavuvi wanaomwaga dawa majini usiku, asubuhi wanaokota sangara wanaoelea. Bwana wa maabara alituambia ni dawa gani. Ni ile ya pamba, baba, ile ile ya kupulizia wadudu. Watu wa Ulaya wanaiogopa, na sisi tumekuwa tukiila.

Walio nje ya geti wamekwisha kuondoka, hakuna mapanki ya kukaanga. Malori yameegeshwa. Mji uko kimya kama siku ya msiba.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe unawafahamu wauza dawa wote wa upande huo. Ulizia ni nani anawauzia wavuvi. Mtu wa namna hiyo sijui anawezaje kukaa mezani na watoto wake. Angefungwa na yeye, si wavuvi peke yao.

Mwanao,
Hellen


Kiseke
6 Juni 1999

Baba,

Shikamoo. Ni karibu miezi miwili sijapata barua. Nilidhani unaumwa, nikamuuliza Josephat, akasema alikuona kwenye mizani ya pamba ukiwa mzima. Nikauliza kama alikupa barua yangu. Akasema alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamwambia hakuna jibu.

Mimi nauza uji stendi ya Nyamagana, asubuhi tu. Unanitosha kulipia chumba. Usidhani naandika kuomba kitu. Naomba tu kujua kama nimekukosea.

Mwanao,
Hellen


Nyabusalu
27 Juni 1999

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Hujanikosea. Tuko wazima, mama yako ndiye amenisukuma nishike kalamu.

Uliniuliza ni nani anawauzia. Ni mimi.

Nimeandika mistari hiyo miwili nikaenda kukaa nje, sasa nimerudi. Nitakueleza bila kuzunguka.

Wale watu wa nyanya, niliwaamini mara ya kwanza. Mara ya pili mmoja wao alikuja suruali imelowa hadi magotini, magamba ya samaki yamemganda mkononi. Nikampa dawa. Nilijiambia kazi yangu ni kuuza, shamba la mtu halinihusu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kila jioni nikifunga mlango wa duka.

Mmoja wao ni Malimi.

Unamkumbuka yule sangara aliyetuletea. Mwezi wa pili alileta mwingine. Mama yako aliwatupia bata vichwa na matumbo. Kabla jua halijazama bata wanne walikuwa wamelala, shingo zimepinda. Mama yako akasema ni ugonjwa wa bata. Nikamwambia samaki aliyebaki amfukie, nikasingizia ananuka. Kwa hiyo nilijua, Hellen, tangu mwezi wa pili, na bado niliendelea kuuza hadi barua yako ilipofika.

Miaka ile ya ghala, dawa ilitoka kwa orodha ya wakulima, na asiye na shamba hapati. Nilikuwa mkali, watu walininung'unikia. Chama kilipoanguka nikasema sasa kila mtu ajitafutie. Nimejitafutia.

Duka nimelifunga. Chupa zilizobaki nimemkabidhi bwana shamba. Kijiji kitakuwa na mkutano mwezi ujao, nimeomba nafasi ya kusema.

Uji wako uuze vizuri.

Baba yako,
Mhoja


Kiseke
9 Julai 1999

Baba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Siku ya kwanza niliitupa chini ya kitanda. Nilikuwa nimewaambia wanawake wa meza yangu kwamba muuza dawa huyo nikimjua nitampeleka mwenyewe polisi. Sasa wakija kunywa uji nawakwepa macho.

Sijui nikuandikie nini kuhusu wewe. Nitakapojua nitakuandikia.

Lakini kuhusu mkutano, sema lako tu. Usimtaje kaka Malimi. Mama yake, mama mdogo Suzana, ni mjane, hana mwingine wa kumtegemea. Najua nilivyoandika mwezi wa nne. Wakati ule sikujua ni nani.

Hellen


Nyabusalu
22 Agosti 1999

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Tuko salama. Mkutano umepita.

Nilikusikia kuhusu Malimi, na nililala nalo siku nyingi. Mwisho niliona siwezi kusimama mbele ya watu nikasema nusu. Lakini sikutaka alisikie mkutanoni. Siku mbili kabla, nilimfuata ufukweni. Alikuwa anafungua injini. Nikamwambia ninachokwenda kusema.

Akauliza, "Baba mkubwa, kwa hiyo unanipeleka?"

Nikamjibu, "Najipeleka mimi. Lakini nikiulizwa nilimuuzia nani, sitadanganya."

"Siku ile uliponiuzia hukuniuliza chochote."

"Sikukuuliza kwa sababu nilijua."

Akaendelea na spana yake. Baadaye akasema, "Waliiba nyavu zangu zote, baba mkubwa. Ningefanya nini?" Nilikaa naye mpaka akamaliza kufunga injini, kisha nikaondoka. Mtumbwi ulikuwa wake na ziwa liko wazi. Angetaka, angevuka visiwani usiku ule, na mimi nisingemkimbiza.

Siku ya mkutano alikuja, akakaa nyuma. Nilisimama. Nikasema: mimi Mhoja, mliyeniamini na ghala lenu, nimewauzia wavuvi dawa ya pamba, na nilijua wanaipeleka wapi. Watu walidhani natania. Mtendaji akaniuliza, "Mzee, uliwauzia akina nani?"

Nilikuwa nimefungua kinywa. Malimi akasimama kule nyuma akasema, "Mimi ni mmoja." Akakaa.

Wengine walikuwepo, Hellen. Niliwaona. Nikawataja wanne, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso.

Mtendaji alitufikisha polisi; Malimi amehukumiwa miezi sita, yuko gerezani Sengerema. Wale wanne walikana, kesi zao zinaendelea, wawili wameshatoroka. Mimi nimenyang'anywa leseni, nikaonywa, nikaachiwa kwa umri wangu. Nilitamani wasingeniachia.

Suzana hatusalimii. Mama yako alimpelekea unga, akaukuta asubuhi umerudishwa mlangoni kwetu. Kila Jumamosi natembea hadi Sengerema kumwona Malimi. Wiki ya kwanza hakutoka. Wiki ya pili alitoka, akaniomba sabuni.

Sitegemei unijibu haraka.

Baba yako,
Mhoja


Kiseke
12 Desemba 1999

Baba,

Shikamoo, na mama shikamoo. Samahani kwa miezi hii. Nilianza barua nyingi. Afya yangu ni njema, na vidole vimepona vyote, havijagusa barafu tangu Aprili.

Inasemekana mwakani soko la Ulaya litafunguliwa. Kiwanda kimeanza kuandikisha watu, wachache kuliko mwanzo. Safari hii wanatafuta wa kusimama mlangoni, kukagua kila samaki kabla hajaingia na kumrudisha anayetiliwa mashaka. Nilikwenda. Walitupa fomu, na swali moja lilikuwa kama una ndugu anayevua au anayeuza dawa za mashambani. Wenzangu wengi waliandika hapana. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Kisha nikaandika jina lako, na jina la kaka Malimi, na kijiji.

Bwana wa maabara akaisoma. Habari za mkutano wenu zilimfikia, sijui kwa njia gani. Akaniuliza, "Huyu mzee wa Nyabusalu aliyejitaja mwenyewe, ni nani kwako?"

Nikamwambia, "Ni baba yangu."

Akaangalia ile karatasi tena. Akasema nije tarehe tatu Januari, nije na mabuti yangu.

Wanawake watano wa meza yangu wamekosa kazi. Nilikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, na kila mmoja nilimweleza muuza dawa alikuwa nani. Mmoja alinifukuza. Wengine walinikaribisha chai.

Nitavuka Kamanga Ijumaa hii. Jumamosi tutakwenda wote Sengerema, usitangulie peke yako. Na tukirudi tutakwenda, wewe, mama na mimi, kwa mama mdogo Suzana. Nitabisha hodi mimi. Asipofungua tutakaa hapo nje mpaka aone ndugu zake tuko wangapi.

Mwanao,
Hellen