Radhi Niliyosema Nimeitoa

Jumamosi, 2 Machi 2013
Daktari kasema moyo umechoka. Hakunificha. Miaka themanini na moja — halas, inatosha.

Amal, binti yangu, kapiga simu toka Perth. Viza imetoka; kaka yake Hamdun kaihangaikia huko Riyadh. Alhamisi watakuja wote hapa kwangu Jeddah. Ana haja moja tu, kasema. Anataka kusikia kwa kinywa changu maneno niliyomwambia mwanawe siku niliyompa radhi.

Sikumpa.

Jumapili, 3 Machi 2013
Niandike yote, pumzi ingalipo.

Hamad, mjukuu wangu, huyo mwana wa Amal, alizaliwa Australia, akaingia jeshi la huko ana miaka kumi na tisa. Kazi yake kutangulia barabarani na mashine ya kutafutia mabomu, wenzake wapite nyuma yake. Nami nilishaapa. Mwaka sitini na nne, Unguja, watu wenye bunduki walimtoa ndugu yangu ndani, hakurudi. Tangu hapo, askari hakanyagi kwangu. Na vita vyenyewe Afghanistan, kwa Waislamu wenzetu!

Mwaka jana, mwezi wa Mei, kabla hajapelekwa, alikuja. Alishukia Riyadh kwa mjomba wake, akapanda basi peke yake. Kaja kuniomba radhi. Nikamwambia Dominic aseme nimelala.

Dominic ndiye dereva wangu, Mkenya, aliletwa na wakala pamoja na kundi zima. Alipanda juu mara tatu. Ya tatu akaniambia, "Mzee, huyo ni mtoto wenu. Hajavaa mambo ya jeshi, amevaa kanzu. Jua litammaliza hapo kwa geti."

Nikachungulia. Kanzu mpya ya dukani, kikaratasi cha bei bado kinaning'inia kwenye mkono. Shingo ya mama yake kabisa. Alikaa nje ya geti mpaka laasiri.

Nikashusha pazia.

Jumanne, 5 Machi 2013
Jana sikuweza kushika kalamu.

Januari Amal alinipigia, hata kulia hawezi. Mkubwa wa Hamad jeshini kaandika barua: alikuwa mbele, kama kawaida yake, bomu likamchukua. Kisha Amal akasema, Baba, najua alikuja kwako. Hamad mwenyewe aliniambia kwamba Babu hajambo, kamwombea dua.

Mtoto alinisitiri! Nimemwacha juani, naye akanisitiri.

Amal akauliza, radhi ulimpa? Nikasema ndiyo. Nikasema kanibusu mkono. Hapo ndipo akalia. Akasema basi mwanawe kaenda salama. Ningelirudishaje neno lile?

Jumatano, 6 Machi 2013
Nimemwita Dominic. Akiulizwa, aseme Hamad aliingia ndani. Kwa kawaida hunitania — uji wangu, eti, hata paka wa Jeddah wameukataa. Leo hakutania. Akasema keshanidanganyia kwa daktari juu ya chumvi, kwa Hamdun juu ya sigara, na hayo hayamnyimi usingizi.

"Lakini huyu ni mama yake, mzee. Hapo siwezi."

Nikamkumbusha kafili wake, mdhamini wa kazi yake, ni nani. Nikamtajia ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini. Mungu anisamehe, nimemtajia ikama. Akainama, akatoka.

Alhamisi, 7 Machi 2013
Wamefika adhuhuri. Amal kakonda, kawa mdogo kama alivyokuwa msichana. Kanibusu mkono, kakaa kitandani, kangoja. Nikafungua mdomo. Nikakohoa, nikaashiria maji. Hamdun akasema tumwache Baba apumzike.

Maji sikuyahitaji.

Hamdun keshakwenda msikitini. Mlango wangu haukufungwa vizuri. Amal yuko ukumbini na Dominic. Anamshukuru kwa kunitunza. Anamuuliza siku ile Hamad alikula nini.

Dominic anakusanya vikombe.

Naweza kuita. Sauti ya kuita ninayo.

Anamuuliza tena, pole pole, kama mtu anayeomba.

"Kaka, alikaa wapi? Nionyeshe tu, nami nikakae hapo."

Kiti kimesogezwa. Dominic anachukua funguo za geti —