Kwa Kasisi Ittiyavira, Aliyekataa Kuombewa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile Jumanne ya Karkidakam, mwezi wetu wa mvua, ulipokunywa nusu kikombe cha kahawa, ukasema kifua kinabana, ukamtuma Mama akuletee miwani. Aliporudi nayo ulikuwa umeshaondoka. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Tulikuzika chini ya miavuli, na kaburi lilijaa maji kila wachimbaji walipopumzika.

Tunajua husikii. Ulitufundisha mwenyewe, kwa zaidi ya miaka arobaini madhabahuni, kwamba aliyelala amelala mikononi mwa Mungu, na hana haja na maneno yetu. Kuruvilla, mwanao wa kwanza, aliponiona nimeshika kalamu aliniuliza kuna maana gani kumwandikia mtu ambaye hatasoma. Nilimjibu kwamba watasoma wengine, na huenda wakaona haya. Basi tuvumilie. Tumekosa namna nyingine ya kusema nawe.

Nyumbani ulikuwa mtu wa mambo madogo. Ulipenda kahawa ya sukari guru, na muhogo wa kuchemsha kwa mchuzi wa samaki uliolala, wala si wa leo. Ulishona miavuli ya kijiji kizima cha Manjakkara, umekaa barazani na uzi mdomoni. Mtu akija na ugomvi wake na jirani, ulimpa kwanza fimbo ya mwavuli aishike. Wengi waliondoka na mwavuli mzima, na ugomvi wameusahau barazani kwetu.

Kazi yako kubwa ilifanyika jikoni, jambo ambalo wenye kukusifu siku hizi hawalitaji. Sala zetu zilikuwa za Kisiria cha kale, na kasisi aliyekutangulia alizisoma kama mtu anayetafuna wali wenye mawe. Ulichukua miaka kumi na mmoja kuzitia katika Kimalayalam, lugha ya mama zetu. Mama alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, nawe ukasimama mlangoni ukimsomea. Akiendelea kukuna, mstari ulibaki. Akisimamisha mkono, uliufuta. Siku moja ulimletea neno zito sana juu ya utukufu wa Mungu, akakwambia, "Hilo ni la kwenu na maaskofu wenu. Sisi tupe Mungu wa kueleweka na mtu mwenye njaa." Ulicheka mpaka ukashika mlango, kisha ukalifuta. Mama hajui kusoma hata leo, lakini hakuna ukurasa wa kitabu kile ambao haukupita masikioni mwake.

Watu walikuita Achen, kama wanavyowaita makasisi wote wa kwetu, ila wengi walilitamka jina hilo kwa kukunja uso. Uliwaketisha mikekani mbele vibarua wa mashamba ya mpunga, wanaohesabiwa watu wa tabaka la chini, ambao wao na wazee wao walizoea kusimama mlangoni. Ulikunywa uji wa mchele katika nyumba zao, katika vyungu vyao, na ndugu zetu walisema umeupaka ukoo matope. Askofu alikunyima kanisa miaka mitatu. Ukahubiri katika banda la kukaushia nazi kwa moto, na tulikuwa tunakuja kanisani hapo tukinuka moshi, tukijiona mashujaa.

Kisha, uliporudishiwa kanisa, kulikuwa na taa. Katika ukumbi wa kanisa lilikuwepo kaburi la kasisi wa zamani, na juu yake taa ya shaba isiyozimwa mwaka hata mwaka. Watu walichota mafuta yake kwa ajili ya jino, sikio, na ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa. Jumapili moja baada ya ibada ulisema kwamba mzee huyu alimtumikia Mungu miaka hamsini, na tangu afe hajapumzika hata siku moja kwa shida zetu. Ukaizima taa kwa vidole viwili. Pothen, mtunza kanisa, ambaye baba yake na babu yake waliitunza taa hiyo, aliketi sakafuni akalia kama aliyefiwa.

Kesho yake alikuja hadi barazani kwetu, hakuketi, akasema mbele ya watu, "Achen, kwetu umezima. Kwako je? Kila jioni mkeo anamtaja mtoto wake marehemu, tunamsikia kutoka njiani. Au wafu wenu ni wa namna nyingine?" Akaenda zake, na hakukusalimia tena kwa miaka sita.

Alikuwa amesema kweli. Katika sala ya jioni, ile ya mkekani kabla ya chakula, pana mahali ambapo wazee wetu walizoea kuwataja na kuwaombea waliolala. Mama alimtaja mama yake, akamtaja baba yake, kisha akamtaja Mathukutty, ndugu yetu aliyekufa kwa homa akiwa na miezi saba. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka jioni ile ulivyomwambia kwa upole kwamba hatuwezi kuwakataza watu wafu wao na huku tunashika wetu. Ulimwambia mtoto yuko kwa Mungu na hapungukiwi na kitu. Mama aliuliza, anayepungukiwa yeye afanye nini. Ulifungua kitabu, Baba, ukaendelea na sala.

Tangu siku ile Mama hakutaja jina hata moja. Miaka thelathini na mitatu alipofika mahali pale alipapita, kama mtu anayeruka mfereji. Na wewe, ukiwa ndiye unayeongoza sala, ulikuwa unanyamaza kidogo hapo, macho umefumba, zaidi ya pumzi ya kawaida. Sijui ulikuwa unafanya nini ndani ya kimya kile. Niliogopa kukuuliza, nikasema nitauliza siku nyingine.

Uliacha barua. Uzikwe ardhini penye kona ya mfenesi, bila jiwe, bila taa, bila chakula cha siku ya arobaini, bila maombi ya mwaka. "Mkishanifukia rudini shambani, mpunga haumsubiri mtu." Tulitii yote. Siku ya arobaini wageni walikuja vilevile, wamevaa nyeupe na wana njaa, na Mama aliwapa kahawa tupu. Shangazi yetu Rahelamma hajatusamehe mpaka leo.

Wiki ya saba tulikuta taa juu ya kaburi lako. Taa ya shaba, imesuguliwa, mafuta yamejaa. Kando yake amechuchumaa Pothen, sasa mzee wa miaka themanini, anaikinga upepo kwa shuka lake la begani.

Kuruvilla alimuuliza, "Mzee wangu, si wewe uliyemnunia baba yangu miaka sita kwa ajili ya taa hii hii?"

"Ni mimi."

"Na baadaye ukamwomba radhi, ukakubali kwamba alikuwa na haki?"

"Nilikubali, na bado nakubali. Mwanangu, mtu aliyekuwa na haki kiasi kile, unataka nimwache gizani?"

"Alisema wafu hawahitaji taa."

"Hao ni wafu wa kawaida," Pothen akasema. "Usimlinganishe baba yako na watu."

Tulidhani ni uzee. Lakini mjane mmoja wa ng'ambo ya mfereji alichukua udongo wa kaburi lako akampaka ng'ombe wake kiwele, na asubuhi ng'ombe akatoa maziwa. Kuruvilla anasema ng'ombe huyo alikuwa amebadilishiwa majani wiki ile. Nani atamsikiliza? Yakaja mayai, yakaja mashada, akaja jogoo mzima amefungwa miguu. Miguuni pako pamechimbika shimo kwa udongo unaobebwa, na tunalijaza kila Jumamosi. Kila alfajiri Mama alikwenda na ufagio wa chelewa kufagia yote. Akina mama walimngoja pembeni, wakaokota alichofagia, wakambusu mkono, wakasema mnauona unyenyekevu wa mke wa mtakatifu. Siku moja aliwatimua kwa ufagio ule ule. Waliopigwa walisema maumivu ya mgongo yamepona.

Nisijitoe. Mwezi wa nne jino liliniuma, nikajikuta nimesimama mbele ya taa ile muda mrefu kuliko inavyompasa binti yako. Nilikwenda kwa daktari. Lakini nilisimama.

Kuruvilla aliichukua barua yako akaenda nayo mbele ya baraza la kanisa. Alitaka wauone mwandiko wako na waisikie sauti yako. Alipoifungua walisimama wote, kama wanavyosimama kwa Injili. Aliposoma "bila jiwe, bila taa," wazee wawili walifuta machozi. Alipomaliza wakaipokea, wakaibusu mmoja baada ya mwingine, na kasisi mpya akaomba ibaki kanisani iwekewe kioo. Sasa imetundikwa ukumbini, pale ulipozima taa. Wanaiwekea maua. Jumapili ijayo kutakuwa na maandamano mpaka kaburini, yenye msalaba wa shaba, ngoma, na miavuli ya hariri ya rangi zote. Kuruvilla aliwaambia atalala njiani wasipite. Wakamwambia kwa heshima kwamba watamzunguka wapite.

Tumeshindwa, Baba. Tunalisema wazi ili mtu asije akadhani tuliridhia. Ulipambana na maaskofu ukawashinda, ukapambana na ndugu zako ukawashinda, na sisi tumeshindwa na watu wanaokupenda. Hatukujua kwamba mapenzi nayo hupigwa vita, wala hukutuachia silaha yake.

Tulichobaki nacho ni Mama. Tangu ufe ndiye anayeongoza sala ya jioni, na mwaka mzima alifika pale mahali pa majina akaparuka kama zamani. Tulimwona anavyokonda. Mikono yake haijui ifanye nini, anakunja nguo zilizokunjwa. Hana la kukupikia, hana la kukufulia, na sala ya kumwombea aliyelala, ambayo ni kazi pekee anayobakishiwa mjane wa kwetu, ulimnyang'anya mapema. Wiki iliyopita Kuruvilla alishindwa kuvumilia, akamwambia, "Mama, ukitaka kumtaja Baba, mtaje. Kijiji kizima kimeshamwasi, wewe ukimtaja mara moja nani atakulaumu?" Mama aliendelea kukunja nguo.

Jioni ile tuliketi mkekani, sisi na wajukuu. Mama alianza sala kwa maneno yako yale aliyoyapima juu ya mbuzi. Alipofika pale mahali alisimama. Hakuparuka. Mimi niliushika mkono wa mke wa Kuruvilla, maana nilijua sasa atalitaja jina lako, na sikujua kama nataka alitaje au asilitaje.

Akasema, "Mathukutty."

Hilo tu. Kisha akaendelea na sala hadi mwisho, akafunga, akaagiza chakula. Mimi ndiye niliyekosa adabu nikauliza, "Na Baba?"

Alikuwa anakunja mkeka. Akasema bila kuniangalia, "Baba yenu alikataa. Mtu mzima akikataa, anaheshimiwa. Mathukutty alikuwa na miezi saba, hakukataa kitu."

Ndivyo ulivyo leo, Baba. Manjakkara nzima inakutaja, inakuwashia, inakubeba mfukoni kwa vipande vya udongo. Mkeo peke yake ndiye asiyelitamka jina lako mbele za Mungu. Ndiye peke yake aliyekuelewa, na inamuua.

Unakumbukwa na mkeo Acchamma. Watoto wako Kuruvilla na mkewe Mariyam, na mimi Sosamma niliyeandika haya. Wajukuu zako wanne. Dada yako Rahelamma, pamoja na hasira yake ya siku ya arobaini. Na mzee Pothen, ambaye ameomba tumtaje kama ndugu, tukaona hatuna sababu ya kukataa.

Hatukuombei, kama ulivyotaka. Hatukuwashii kitu. Tumezipekua hotuba zako zote tukitafuta ulipokataza kukumbukwa, hatukuona. Basi hilo tutalishika, siku zote, mpaka wa mwisho wetu atakapolala.