Nimenadi Safari ya Mwezini, Kumbe Roketi Inarudi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mshereheshaji, harusi zote za maana za mji huu zimepita mikononi mwangu, nikishika kipaza sauti hata bahili anafungua pochi huku anatabasamu, nimetembea, nimeona watu, shule tu ndiyo tuliachana mapema bila ugomvi. Sasa mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko chuo kikuu, na yeye na wenzake wanatengeneza roketi, roketi ya kweli, siyo fataki, chuo kikawapa chumba na baraka lakini pesa hakikuwapa, akanijia akasema, "Mjomba, wewe unajua kuongea na watu, sisi tunajua hesabu tu." Ungekuwa wewe ungekataa? Nikaita kikao cha michango kama cha harusi, nikaanza kusoma maelezo waliyoniandikia, watu wakaanza kupiga miayo, basi nikayatia mfukoni nikaanza kunadi nafasi. Nafasi ndani ya roketi, mshauri! Toa mchango mnono, leta kitu chako kidogo, tunakifikisha mwezini. Ukumbi ulisimama. Mama wa saluni akaleta jino la kwanza la mwanawe, na fundi viatu, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa mkopo, akanikabidhi pete ya marehemu mkewe akasema, "Huyu hakupenda kukaa chini. Mpeleke juu." Pesa zikatimia, na zimeshakuwa alumini na injini.

Juzi nikaenda karakanani kwao kukagua, si mimi ndiye mfadhili mkuu? Bomba limelala mezani, refu kunipita, jembamba kama paja langu, na msichana mmoja anapima skrubu kwenye mizani kama muuza dhahabu, ananiambia kila gramu wanaigombania. Nikauliza, "Mwezini tunafika siku gani?" Mpwa wangu akaweka chini tupa aliyokuwa akisugulia chuma. "Mwezini? Mjomba, hii inapanda kilomita tatu, inafungua parachuti, inarudi." Nikamwambia, "Inarudi? Nani kairuhusu irudi?" Wakacheka wote wakidhani natania, maana mimi ni mtu wa utani. Ndani mna kasha la kupimia hewa, nafasi iliyobaki haitoshi hata kiberiti. Tena, mshauri, nikasahau balaa langu nikakaa pale mchana kutwa nauliza: hewa huko juu inaisha ghafla au inapungua taratibu, parachuti inajuaje kwamba sasa ndiyo wakati? Walinijibu yote, na sijawahi kufurahi hivyo. Lakini Jumamosi ijayo wanarusha, wachangiaji wote nimewaalika, na nikinyamaza wataiona inashuka waseme mpwa wangu ni tapeli. Nikisema, watadai pesa zao na roketi itauzwa chuma chakavu. Nishike lipi?

Mjomba Mfadhili

Mjomba Mfadhili, nimecheka, nisamehe, hukuniachia njia nyingine. Ila kicheko kilinikauka kwenye pete.

Hata dalali wa viwanja huwa na kiwanja cha kuonyesha, bwana! Wewe umenadi mwezi. Najua hukutia hata senti mfukoni, na moyo wako ni mkubwa, lakini umewaweka watoto wale mbele ya watu wanaodai kitu ambacho wao hawakukiahidi. Na kosa lako lenyewe halikuwa la lazima. Yale maswali uliyouliza karakanani yangeuamsha ukumbi mzima. Mbona hukuyauliza kwanza?

Mpigie mpwa wako leo, siyo Ijumaa. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Muulize kama majina ya wachangiaji yanaweza kuandikwa kwa wino kwenye bomba. Akikataa, usimbembeleze, roketi ni yao.

Kisha pita mlango kwa mlango, bila kipaza sauti. Kila mtu mrudishie kitu chake mkononi na useme: "Nilidanganya. Inapanda kilomita tatu, inapima hewa, inarudi. Watoto hawakujua nilichosema." Ukishasema hivyo, nyamaza. Najua hiyo kwako ni kazi mpya. Anayetaka mchango wake arudishiwe, na pesa hiyo itoke kwa kuuza spika zako za harusini, siyo alumini ya watoto. Asiyetaka, mweleze parachuti inavyojua wakati wake, kama walivyokueleza wewe. Nadhani wengi watakuja kuangalia. Mimi mwenyewe ningekuja.

Kwa fundi viatu nenda wa kwanza, na usithubutu kuleta utani. Akikufungia mlango, usigonge tena. Jumamosi mtengee kiti cha mbele. Asipokuja, mtu mwingine asikikalie.