Aliyemwaga Kikapu

2 Februari

Binti wa kaka yangu,

Hujambo mwanangu? Mumeo na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti bado linalalamika kila nikipanda ngazi. Sasa hata ngazi zenyewe sizipandi tena, maana nimeachishwa kazi.

Sitaki pole. Soma kwanza. Tangu Septemba masjala yetu ya hospitali imekuwa ikiingiza orodha za wagonjwa kwenye kompyuta. Mafunzo tulipewa asubuhi moja tu. Tarehe 14 Januari orodha za miadi za kliniki ya macho, watu 212, zilipotea kwenye mashine yangu. Kesho yake mkuu wa masjala alinisimamisha mbele ya makarani wote. Ni yule tunayemwita Kalamu Mbili, kwa kalamu zinazokaa mfukoni mwa shati lake. "Miaka ishirini na sita kazini," akasema, "na ameshindwa na kitu ambacho mjukuu wake anakichezea." Watu wakacheka. Mimi sina mjukuu.

Barua aliyoiweka kwenye faili langu inasema nimefuta kumbukumbu za wagonjwa kwa uzembe. Nimeomba kazi sehemu mbili. Kote kuwili walipiga simu hospitali, wakasomewa barua hiyo.

Wewe unafundisha watu kompyuta. Nifundishe kwa barua; ya kwenye simu nayasahau, maandishi nayatunza. Ninachotaka ni kimoja. Ile barua itoke kwenye faili langu, na aitoe yeye mwenyewe, mbele ya wale waliocheka.

Shangazi yako

21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima, mdogo ameota meno mawili na anayatumia kwa kila anayemkaribia. Pole nimeimeza, kama ulivyoagiza.

Mwalimu mwenzangu anasafiri kuja huko, nimempa kompyuta ndogo na kipanya chake akuletee. Ni ya zamani lakini inatembea.

Anza na hili. Ndani ya mashine kuna mfumo endeshi. Huo ndio karani wa masjala. Wewe huendi rafuni mwenyewe. Unaomba dirishani, yeye anakuletea, kwa sababu ndiye anayejua kila kitu kimewekwa wapi. Bila yeye mashine ni mbao na vumbi. Ukimwomba kitu, bofya mara moja kisha subiri. Wanaoanza hubofya kama watu wanaogonga mlango wa choo.

Halafu niandikie ulichokifanya siku ile, hatua kwa hatua, hata kama kinakuaibisha.

Binti yako

14 Machi

Binti wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani mwako. Mtoto mpe kitambaa kigumu atafune, ataacha watu.

Mzigo umefika salama. Siku ya kwanza kipanya kilifika ukingoni mwa meza na mshale haujafika ulikotakiwa, nikavuta meza ya pili. Cheka, ukimaliza endelea kusoma.

Siku ile ilikuwa hivi. Masjala kwetu kila meza ina kikapu chini yake. Faili ukishalimaliza unalitia kikapuni, na jioni mpanga rafu anapita na toroli, anakusanya, anarudisha kila faili mahali pake. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Basi kwenye kona ya skrini yangu kulikuwa na picha ya kikapu. Katika mafunzo hakuna aliyekitaja. Nilipomaliza orodha za macho, zote tano, nikazivuta nikazitia kikapuni zirudishwe rafuni.

Asubuhi kikapu kilikuwa kitupu, kama kinavyotakiwa kuwa asubuhi. Nikazitafuta kwenye folda, hazimo. Kalamu Mbili aliponiuliza mbele ya watu nimefanya nini, nilisema kweli: nimezitia kikapuni. Hapo ndipo walipocheka mara ya pili. Kwa hiyo kufuta nilifuta, hilo silikatai. Uzembe ndio ninaoukataa.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Barua yako niliifungua darasani, nikaisoma mara mbili huku wanafunzi wakinisubiri.

Hukufuta kitu. Faili likiwa kikapuni halijafutika. Linakaa humo hata mwaka mzima, na ukilitaka unalitoa zima. Haliondoki mpaka mtu akimwage kikapu. Na mashine yenu, kwa jinsi ulivyonieleza, haikimwagi yenyewe. Ni lazima mtu achague kumwaga, kisha mashine imwulize kwa maandishi kama ana hakika, naye ajibu Ndiyo.

Je, uliwahi kujibu Ndiyo?

Binti yako

9 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Salamu nitakuletea barua ijayo, unisamehe.

Sikujibu. Maandishi hayo nimeyaona jana kwa mara ya kwanza, hapa mezani kwangu, nilipoijaribu hatua uliyoniandikia.

Sasa sikiliza. Tarehe 14 saa kumi alasiri, orodha zikiwa tayari kikapuni, nilikwenda kunywa chai na karani wa dirisha la pili. Nikarudi saa kumi na robo. Nilipokaa, miguu haikufika sakafuni. Kiti kilikuwa kimepandishwa. Kalamu Mbili ni mfupi, na kila kiti anachokikalia hukipandisha mpaka mwisho. Nilikishusha nikaendelea na kazi, nisiwaze lolote.

Kuna jingine. Siku aliyonisimamisha, niliposema neno kikapu, alinikatiza. "Yatosha," akasema, na akageuza uso. Nilidhani amenionea haya. Kumbe alikuwa amejua. Alijua, akaenda ofisini kwake, akaiandika ile barua.

Usiniandikie habari za kusamehe. Sina nafasi nazo.

Shangazi yako

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu, wa kwanza amekuchorea kompyuta yenye miguu, nimeiambatanisha.

Kusamehe sikuandikii. Nakuandikia kwamba huna ushahidi. Kiti kilichopandishwa si ushahidi. Ukienda pale ukapiga kelele watasema mama wa watu amechanganyikiwa, na Kalamu Mbili ndiye atakayekushika mkono akutoe nje kwa upole. Hilo utaliweza?

Jifunze kwanza. Jifunze mpaka pale hospitali asiwepo anayekuzidi. Masomo kumi yanakuja, nitayatuma mawili mawili.

Binti yako

5 Septemba

Binti wa kaka yangu,

Hujambo, na wote hawajambo? Najua nimekaa kimya miezi minne. Masomo yako yalinishika shingo. Yote nimeyamaliza, la mwisho nimelirudia mara sita.

Sasa nafundisha. Maktaba walikuwa na kompyuta nane zimefunikwa mashuka kwa kukosa mwalimu. Nilianza na fundi cherehani mmoja na mlinzi mstaafu, wakaleta wenzao. Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri. Maktaba hawakupiga simu hospitali. Walinipa mashine, wakasimama nyuma yangu wakatazama.

Nisikilize vizuri. Hospitali inabadilisha mfumo, na kila mfanyakazi wa masjala lazima apeleke karatasi ya kuhitimu masomo ya mwanzo kabla ya tarehe 30 Oktoba. Asiyekuwa nayo hatagusa mashine mpya. Huku kwetu masomo hayo yanatolewa maktaba tu, na karatasi inatiwa sahihi na mwalimu.

Juzi walikuja kumi na wawili. Wa mwisho kuingia ni yeye. Alisimama mlangoni.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Kaa, mwanafunzi. Unaingiza vumbi."

Hajui kitu ila kubofya. Ripoti zake zote zilikuwa zikichapwa na katibu muhtasi. Kalamu zipo mfukoni, zote mbili.

Shangazi yako

15 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Leo naandika kwa haraka, na nakuandikia kama mwalimu wako.

Nakujua. Usimfundishe kosa hata moja. Ukimpotosha makusudi utakuwa umekaa kwenye kiti chake, umekipandisha na wewe. Mengine yote ni juu yako.

Binti yako

4 Oktoba

Binti wa kaka yangu,

Nakusalimu sana, na safari hii nina raha ya kusalimu.

Alhamisi lilikuwa somo la kikapu. Darasani kwangu kila mmoja huja mbele kwa zamu, skrini ya mashine inaonekana ukutani, na kila hatua anayoifanya anaieleza kwa sauti. Zamu yake ilipofika nikamwambia atie faili kikapuni. Akatia. Nikamwambia amwage. Akabofya Ndiyo kabla hata maneno hayajakaa vizuri ukutani.

"Mashine imekuuliza nini?"

"Imeuliza vile inavyouliza."

"Inaulizaje?"

"Ah, mwalimu! Hayo hakuna anayeyasoma. Unabonyeza Ndiyo, yanaondoka."

"Na faili liko wapi?"

"Limefutika."

"Nani kalifuta? Aliyelitia kikapuni au aliyejibu Ndiyo?"

"Aliyejibu Ndiyo, sasa nani mwingine?" Aliwageukia wenzake kama mtoto aliyepata jibu peke yake.

Hakuna aliyecheka. Karani wa dirisha la pili, yule tuliyekunywa naye chai, akasema polepole, "Mkuu, ile tarehe kumi na nne Januari si ndiyo siku uliyopita mashine zetu zote ukisafisha?"

"Nilisafisha kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja! Kikapu cha huyu mama kilikuwa kimejaa ma..."

Akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Kimejaa nini?" nikamwuliza.

Alitazama ukutani. Mashine ilikuwa imeshamaliza kumwaga.

"Malizia," nikasema. "Hapa tunaeleza kwa sauti."

Alichukua koti lake akatoka. Wale kumi na mmoja niliwaomba kila mtu aandike alichokisikia, kwa maneno yake mwenyewe, atie sahihi. Wengine ndio waliocheka Januari. Wameandika vizuri. Karatasi nimezipanga kwa herufi, nimezitoboa, nimezifunga kwenye jalada, na asubuhi ya leo nimeliweka mezani kwa mkurugenzi wa hospitali.

Kosa sikumfundisha. Nilimwuliza tu.

Shangazi yako

26 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mume wangu alinikuta nacheka peke yangu jikoni, ikabidi nimsomee barua yote, na yeye akataka arudiwe pale pa koti.

Umeshinda. Sasa niruhusu neno moja. Barua ikishatolewa, mwache. Mpe karatasi yake aende zake, nawe urudi kulala usingizi. Inatosha.

Binti yako

2 Desemba

Binti wa kaka yangu,

Hujambo mwanangu, na nyumba nzima haijambo? Mimi goti limenyamaza, sijui limeridhika.

Barua imetolewa. Mkurugenzi alimwagiza Kalamu Mbili aitoe mwenyewe mbele ya makarani wote, na nilikuwepo, nimesimama palepale nilipokuwa nimesimama Januari. Alisoma kwa sauti kwamba orodha za wagonjwa 212 alizifuta yeye, na kwamba alijua hivyo wakati anaandika kuwa nimezifuta mimi. Alifika neno "alijua" akakohoa. Mkurugenzi akamwambia arudie mstari. Akaurudia. Nilitia barua ya zamani kwenye mkoba wangu na sikumpa mkono.

Ukuu wa masjala wamempa karani wa dirisha la pili. Kalamu Mbili amewekwa dirisha la tatu, lenye mashine mpya, ambayo haruhusiwi kuigusa mpaka apate karatasi. Oktoba hakuipata, maana aliondoka katikati ya masomo. Wamemwongezea muda hadi mwisho wa Machi. Mimi waliniomba nirudi kazini. Nimewaambia nitafikiri, kwa sasa nina mwanafunzi.

Ndiyo, anakuja. Atakwenda wapi? Kila Jumanne, peke yake, mstari wa mbele. Ananiita mwalimu.

Umeandika kwamba inatosha. Nimeipima barua yako pande zote, na naona hapo ndipo tunapotofautiana. Walionicheka mbele ya watu walinicheka kwa dakika tano. Mlango kwa mlango nilizunguka kutafuta kazi miezi saba. Sharti lako nimelishika: sijamfundisha kosa hata moja, na sitamfundisha. Namfundisha kwa uangalifu tu, tangu mwanzo kabisa, kama anavyostahili mtu ambaye hasomi.

Jumanne ya kwanza tulijifunza kuwasha na kuzima. Ya pili alizima kabla ya kusoma mashine inasema nini, tukarudia. Ya tatu tukarudia. Juzi aliwasha vizuri, akasoma kila neno kwa sauti hadi nukta ya mwisho, akaweka mikono mapajani na kunitazama.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Sasa zima, tuanze upya."

Shangazi yako