Sauti ya Kamio ya Chumvi

Kambini, juu ya kilima
Jumatano, mwezi wa kumi na moja 1999

Kwa dada yangu Régine, kule Itebero,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Luc, na yule mutoto ambaye munasema ameiba sura yangu. Ana bahati. Malaria ilikuacha? Mihogo ilitoka vizuri? Mimi niko muzima, meno yote iko. Hata nimenona kidogo, ukiniona utafikiri nimeoa.

Najua wanakuambia niko Goma ninakula sambusa. Papa Barthélemy, ule mufanya biashara wa Butembo niliyekuwa napakia chumvi mu kamio yake, ile gari kubwa ya Mercedes, aliona haya kukuambia ukweli. Mwezi wa tisa hawa watu wa bunduki walitusimamisha karibu na Walikale, wakauliza nani anajua motere ya gari. Shofere akaangalia viatu vyake. Mimi unanijua: nikanyoosha mukono, mimi ambaye sikunyoosha hata siku moja mbele ya mwalimu Damien. Wakaacha gari iende na chumvi yake, wakabaki na mimi. Tangu ile siku ninalala chini ya kamio yao, na bunduki moja inanisindikiza hata chooni.

Siku ya kwanza walinifunga macho na kitambaa wanipime, gari zikapita kule chini barabarani. Ya kwanza nikawaambia ni Fiat 682, ile ya zamani yenye uso bapa, motere yake inapiga polepole sawa muntu anayetwanga majani ya sombe. Ya pili, Mercedes 911 ya pua fupi, silinda sita kwa mustari moja: inakohoa nzito, na shofere akibadilisha vitesi kupanda kilima, inameza mate kwanza. Magirus yao wenyewe sikuhangaika nayo. Ile haina maji wala radiateri, inapozwa na upepo wa feni, kwa hiyo inapiga mluzi mukavu unaosikika vilima viwili mbele. Walibaki midomo wazi. Mwalimu Damien aliyeniita kichwa ya mawe, aje aone nani leo wanamuita Enjenyere.

Ule mluzi ndiyo uliwalinda ninyi. Nilikufundisha mimi, mbele hawajanikamata, wewe ukafundisha Itebero nzima: mukisikia mluzi, ni hawa, kimbieni pori; mukisikia Mercedes, ni Papa Barthélemy, tokeni na mafuta ya mawese mubadilishe na chumvi. Hawa watu walikuwa wanashuka kwenu wanakuta majivu ya moto na kuku moja mugonjwa. Komanda wao alikuwa anakasirika, mimi nacheka ndani ya tumbo.

Dada, nimekuzungusha tangu mustari wa kwanza. Sasa nasema.

Wiki mbili zimepita, Magirus iliungua. Waliacha matope ijae kwenye motere, upepo ukakosa njia. Ningesema tu imekufa, tungeishia hapo. Lakini kulikuwa Mercedes moja imepinduka mu mutaro, motere yake muzima, na mimi nikataka waone fundi ni nani. Nilikata vyuma, nikaingiza ile motere ya Mercedes mu Magirus, nikachomelea, nikatafutia radiateri mahali, siku tisa. Ilipowaka, Mama Consolée anayetupikia aliacha sufuria motoni, akakimbilia barabarani kuangalia kama chumvi imefika. Wote wakacheka. Na mimi, kwa sifa zangu, nikawaambia huyo si kitu: dada yangu wa Itebero, mwenye masikio makali kuliko wote, angetoka wa kwanza na kitunga chake.

Komanda akaacha kucheka. Akaniuliza huyo dada, na watu wa kwao, wanasikilizaga nini kingine. Nikainamia motere, lakini yeye alikuwa amekwisha kuelewa. Wanashuka kwenu na hii sauti ya Mercedes Jumamosi, siku ya soko.

Nimefunga macho mara nyingi nikitafuta tofauti na gari ya Papa Barthélemy nikuandikie. Hakuna. Niliifanya vizuri mno. Kwa hiyo usisikilize tena. Gari yoyote ikilia, kimbieni, hata ikiwa ya Papa Barthélemy mwenyewe. Kuleni bila chumvi. Ambia kila nyumba, na usiseme umejua kwa nani. Mama Consolée ameruhusiwa kushuka kwenu kuchuma sombe, barua iko chini ya kitunga chake. Hajui kusoma, na usimusomee.

Tena kitu kimoja. Komanda amesema mimi nitakaa mbele, juu ya kapo, kile kifuniko cha motere, munione vizuri, na niite watu. Bunduki itakuwa nyuma yangu, nitaita. Nitaita jina lako, dada, na unajua nina sauti nzuri. Usigeuke.

Umusalimie shemeji, na majirani wote wanaoniita muongo. Umubebe mutoto mugongoni hata akilala, muwe tayari kukimbia.

Mimi mudogo wako mupenzi,
Katembo