Jiwe Ambalo Sikulichora

Nyumbani, chumba cha nyuma,
14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba anasema umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, tukafurahi sote. Huku tu wazima. Mama alibanwa na mafua wiki nzima, sasa amepona na amerudi kutugombeza kwa sauti ile ile. Mdogo wangu Kifungo ameng'oka meno mawili ya mbele, kila akiongea anapiga mluzi bila kutaka.

Mara mbili ulizopiga simu ukaambiwa nimetoka, nilikuwa bafuni nimejificha. Unisamehe. Unanijua, kwenye simu ulimi wangu huganda. Kwenye karatasi naweza, na leo nina jambo la kukiri.

Unalikumbuka lile jiwe kubwa nyuma ya shule ya msingi, lililofunikwa na vichaka? Wewe ndiye uliyenionyesha, siku ile niliyokataa kuingia darasani. Tangu uondoke nimekuwa nikikaa nyuma yake na kitabu. Hakuna aliyejua.

Mwaka huu shule imeamua kuwatengenezea watoto uwanja wa kuchezea. Mama mchoraji aliyepewa kazi hataki ardhi isawazishwe na kujazwa vyuma. Anataka miti ibaki, kilima kiwe cha kupanda na kubingirika, mfereji wa mvua uvukwe kwa magogo. Magogo anayachonga Baba. Kwa kuwa mama huyo anakaa mbali na anaandika kwa ile lugha yetu ya pili ya shuleni, mwalimu mkuu alinipa mimi kazi ya kupima eneo, kuchora kila kilichopo na kumtumia ramani yenye maelezo.

Shangazi, nilichora kila kitu. Miti kumi na mmoja, mizizi iliyotokeza, hata kichuguu. Jiwe sikulichora. Wala sikusahau. Penseli ilifika pale, nikaipitisha. Nilijua likiingia kwenye ramani litakuwa la watoto wote.

Sikufikiria kwamba kitu kisichokuwa kwenye ramani hakina wa kukitetea. Mafundi walipofyeka vichaka, wakalikuta limekaa pale pale panapotakiwa bembea. Fundi mkuu, mtu wa utani sana, akaligonga kwa nyundo kama anayebisha hodi. "Mzee, wewe hukualikwa," akaliambia, kisha akalipaka X nyekundu. Mashine ya kuvunjia ingeletwa Alhamisi.

Jumatano nikaenda karakana kwa Baba, nikachukua penseli yake nikaandika juu ya ubao: Jiwe nililiacha makusudi. Akasoma, akapuliza vumbi, akaendelea kupiga randa pembeni ya maneno yangu. Mwisho akasema, "Nimesoma, mwanangu. Lakini wa kulisema si mimi."

Alhamisi nilikuta mama mchoraji amefika na mashine inanguruma. Nikasimama mbele ya jiwe. Fundi mkuu akaniambia nisogee, kwani hilo halimo kwenye ramani.

"Halimo kwa sababu yangu," nikasema. "Nilitaka liwe langu peke yangu."

Ikabidi nirudie kwa lugha ya pili ili mama mchoraji aelewe. Mara ya pili iliuma zaidi.

Hakunigombeza. Alipanda juu ya jiwe na sketi yake ya safari, akateleza hadi chini, akapanda tena. Akaangalia kivuli cha mti kinavyoliangukia, akafuta kwenye mchoro wake lile bati la kutelezea, lililokuwa likimkosesha raha kwa kuwa jua lingelifanya liwaunguze watoto. Bembea akaisogeza upande wa kilima. Fundi mkuu akazima mashine, akalipapasa jiwe. "Haya Mzee, mwaliko umefika."

Nilidhani maneno yangu ya mwaka mzima yameisha. Lakini nikamwomba jambo moja: upande wa nyuma usiwekwe kitu, na vichaka vilivyobaki visikatwe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuna watoto wasiopenda kukimbizana. Alinitazama kidogo, akachora duara nyuma ya jiwe, ndani yake hakuandika kitu.

Watoto walifunguliwa uwanja Jumatatu. X nyekundu bado ipo, ndipo wanapopanga foleni ya kuteleza, Kifungo akiwa wa kwanza na mluzi wake. Jana nilizunguka nyuma na kitabu changu nikakuta mahali pamekaliwa. Msichana wa darasa la pili, viatu mkononi, anawasikiliza wenzake. Nikafungua kitabu nikiwa nimesimama. Baadaye akasogea kidogo, nikakaa.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, wa gitaa na wa miwani. Baba na Mama wanakusalimu, Kifungo naye anakupigia mluzi. Mungu akulinde, na goti lako alishike mkono. Ukija tutakwenda kukaa pale nyuma, ila itabidi tumwombe ruhusa yule mdogo.

Wako akupendaye, hata asipopokea simu,
Kimya, mtoto wa kaka yako.